Sista Aliyesema "Bado"

Wodini kwetu masista walikuwa wengi, lakini ukisema "Sista" tu bila kuongeza jina, kila mtu alijua unamtaja nani. Hata mafundi waliokuja kutengeneza hita walimjua, maana siku ya kwanza aliwarudisha mlangoni kwa sababu ya viatu. Umri wake siujui, na mambo ya ukoo wake nawaachia watu wa kwao. Mimi nilimfahamu kama mtu aliyesimama kati ya sindano na mtoto, na kwa miaka mingi sindano hiyo ilikuwa mkononi mwangu.

Chumba chetu cha watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya siku zao, kiko mwisho wa jengo la wazazi katika hospitali moja hapa Nachingwea. Ndani kuna joto la kumtoa mtu mzima jasho. Akina mama hukaa vitandani wamejifunga kanga, watoto wako kifuani, ngozi kwa ngozi, na vichwa vidogo vyenye kofia za kufumwa vinachungulia chini ya kidevu. Watoto hao hutobolewa sana. Kisigino kwa ajili ya kupima sukari, mkono kwa ajili ya kanula ya kupitishia dawa, mrija wa maziwa unaingizwa puani, plasta inabandikwa, plasta inabanduliwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloitwa tiba kubwa. Tunayaita mambo madogo, na udogo huo tumeupima kwa miili yetu sisi.

Sista hakukubali mtoto atobolewe akiwa peke yake kwenye meza. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na haikubandikwa ukutani kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ukuta. Mama akiwepo, mtoto achomwe akiwa kifuani kwa mama. Mama asipokuwepo, mtu mwingine aweke kiganja kimoja kichwani na kwa kingine aikusanye miguu, magoti yakunjwe, mtoto akae alivyokuwa amekaa tumboni. Kisha matone machache ya maziwa ya mama juu ya ulimi. Kisha tungoje.

Tunangoja nini? Vidole. Mtoto njiti akiogopa au akiumia huvitawanya vidole vya mkono, vikasimama vyote, kama mtu anayemzuia mwingine asimkaribie. Akitulia, huvikunja. Sista alitazama vidole tu. Wewe umeshamaliza kupangusa kwa pamba yenye spiriti, umeinama, sindano iko hewani, naye anasema, "Bado." Unangoja. Mgongo unaanza kuuma. "Bado." Jasho linakutiririka hadi kwenye barakoa. Halafu, bila kubadili sauti, anasema, "Haya."

Nilipohamia wodi ile kama muuguzi nilikuwa na sifa ya mkono mwepesi. Wodi nyingine waliniita mshipa ukiwashinda, na mimi nilikwenda nikijisikia. Nimekulia Mandawa, upande wa Ruangwa, kwa wakulima wa ufuta, ambako ukichelewa kuvuna mbegu zinapukutika zote chini, kwa hiyo haraka kwangu ilikuwa tabia njema. Siku ya kwanza nilimaliza kuweka kanula kabla hajamaliza kunawa mikono. Nilidhani atanisifu. Aliutazama mkono wa yule mtoto, vidole vimetawanyika, akanitazama mimi.

"Bwana Mbio," akasema, "unakimbilia wapi? Gari la Masasi limeshaondoka."

Jina hilo halijanitoka mpaka leo. Hata akina mama waliolazwa waliliokota, wengine wakadhani ni la ukoo.

Usifikiri alikuwa mtu wa upole. Kwa watu wazima Sista alikuwa mkali, mkali wa kuchosha. Mama aliyepaka rangi ya kucha alisimamishwa mlangoni mpaka aikwangue. Aliyelala na simu sikioni alinyang'anywa simu. Msimu wa korosho ndio ulikuwa balaa zaidi, kwa sababu akina bibi walitoka moja kwa moja kwenye kubangua, mikono myeusi, wakaja kuona wajukuu. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi ya mtu mzima, sembuse ngozi ya mtoto ambayo bado inaonyesha mishipa. Basi Sista alikaa mlangoni. "Lete mikono." Alishika viganja vya bibi wa watu, akainama, akanusa, kimoja baada ya kingine. Vikinuka korosho, bibi alirudi bombani. Wako walionawa mara tatu na bado wakarudishwa, na kuna mmoja kutoka Lionja aliyekasirika akasema hajapata kunuswa na mtu tangu aolewe. Sista akamjibu kwamba basi hata huko alikoolewa hawakuwa makini.

Ajabu ni kwamba ndani ya droo yake mwenyewe hazikukosekana korosho za kukaanga, na vidole vyake vilikuwa na makovu ya ganda hilo hilo, ya tangu utotoni. Alisema ncha za vidole zimekufa ganzi, hazijui tena moto na baridi. Ndiyo maana kitambaa cha kupasha kisigino cha mtoto alikipima kwa shavu. Alikiweka shavuni akafumba macho, na kwa sekunde hizo chache hata uso wake mkali ulilegea. Nilipenda kumwona hivyo. Sikumwambia, maana angenipa kazi ya kuosha ndoo.

Alipenda mpira kupita kiasi. Timu yake ikifungwa, asubuhi hakuna aliyemsogelea, na ikishinda alitusimulia mabao yote huku akikunja nepi. Nyumbani kwake alikuwa mtu mwingine kabisa katika mambo ya maumivu. Nimeshuhudia kwa macho yangu akimng'oa mjukuu wake jino kwa uzi, anamuuliza habari za shule, na kabla mtoto hajajibu jino limeshatoka. Nikamuuliza, "Sista, na 'bado' imekwenda wapi?" Akasema, "Huyu ana mdomo. Ana miguu. Akitaka, anikimbie."

Nililifikiria sana jibu lile. Ndani yake ilikuwamo imani yake yote. Mtu anayeweza kulalamika, kupiga kelele, kutukana au kukimbia, huyo Sista hakumhurumia sana. Huruma yake aliiweka akiba kwa wasioweza lolote.

Naye alikuwa mwoga wa sindano. Hili halikujulikana na wengi. Wafanyakazi tulipopangwa kuchanjwa, alijificha stoo akidai anahesabu mashuka. Nikamfuata na trei. Akakaa kwenye kiti, akapandisha mkono wa gauni, akageuza uso ukutani. "Fanya haraka," akasema. Mimi nikashika sindano, nikainama, nikasema, "Bado." Alinigeukia na jicho ambalo hata sasa nikilikumbuka nanyooka mgongo. "Usinichezee, Bwana Mbio." Kisha akacheka mpaka machozi, na katikati ya kicheko nikamchoma. Hakuhisi, au alisema hakuhisi.

Watu wengi walidhani sheria yake aliipata kwenye semina. Alinisimulia mwenyewe ilikotoka, tukiwa tunakunja pamba adhuhuri moja yenye mvua.

Alipokuwa chuoni, alisema, walifundishwa kwamba mtoto njiti hasikii maumivu sawasawa, kwamba mishipa yake ya fahamu haijakomaa. Na kweli, njiti wengi ukiwatoboa hawalii. Wanakunja uso kidogo, basi. Huku kwetu jambo hilo lilipata wapokeaji wazuri, maana sisi mtu asiyelia tunamsifu. Msichana katika unyago anafundishwa asipige kelele akijifungua. Mvulana anayetoka jandoni bila kutoa sauti anazungumzwa mwaka mzima. Basi mtoto wa kilo moja akinyamaza sindano ikiingia, bibi yake anapiga kigelegele. "Dume hilo! Katoka kwa babu yake." Manesi nao wanafurahi, kwa sababu mtoto asiyelia hawasumbui. Sista naye, alisema, alifurahi kama wengine. Alikuwa na watoto wake aliowaita mashujaa.

Mmoja wa mashujaa hao mama yake alitoka Lionja, mwanamke msemaji wa Kimwera, Kiswahili chake cha kusukumasukuma. Asubuhi moja alimshika Sista mkono kabla hajafika kitandani. "Sista, huyu pamba anaijua."

"Anaijua vipi?"

"Harufu. Ukija na pamba, anakatika pumzi. Hujamgusa bado. Tazama."

Sista alisema alitaka kumkemea. Badala yake akaisogeza pamba yenye spiriti karibu na pua ya mtoto, sindano ikiwa bado mezani. Vidole vikatawanyika. Uso ukakunjamana. Kifua kikasimama, midomo ikageuka rangi, na mama akamsugua mgongo mpaka akapumua tena. Shujaa wao hakuwa shujaa. Alikuwa ameumizwa mara nyingi kiasi kwamba alishajua linalokuja, na hakuwa na njia ya kumwambia mtu.

"Nilirudi nyumbani sikula," Sista akaniambia. "Nilifikiri nimewasifu wangapi." Akaukunja mkunjo mwingine wa pamba. Kisha akaongeza kwamba yule mtoto alipona, leo anaendesha bodaboda, na ana kelele barabara nzima. Hilo lilimfariji kuliko alivyotaka nijue.

Baada ya hapo alianza kuuliza kila mtu. Madaktari waliopita, wauguzi wa mikoa mingine, wataalamu waliokuja na mabango yao. Akaambiwa habari za kumkumbatia mtoto, za maziwa kwenye ulimi, za kumkunja mikononi. Akayajaribu moja moja, akitazama vidole, na yaliyofanya vidole vikunjike akayashika. Hakudai kwamba maumivu yanakwisha. "Yanapungua," alisema. "Na hayawi yake peke yake."

Lilimgharimu. Daktari mmoja aliyekuja kwetu, mtu mzuri na mchapakazi, alimwambia wazi, "Sista, watoto ni wengi na mikono ni michache. Kila sindano ikihitaji watu wawili, hatumalizi raundi." Nilimwona Sista ametulia, akajua kwamba daktari hasemi uongo. Kesho yake akatoka nje, chini ya bati ambako wanaume husubiri, akarudi na akina baba.

Mwanaume kuingia chumba cha wazazi, kwetu, lilikuwa jambo la kuchekwa. Wa kwanza alikuwa mkulima wa Matambarale, mikono kama mpini wa jembe. Mke wake alikuwa bado hajaweza kuamka. Sista akamwamuru avue shati mbele ya wanawake wote wale. Alivua akitazama sakafu.

"Nitamvunja," akasema.

"Kuku hujawahi kumbeba?"

"Nimebeba."

"Kifaranga?"

"Nimebeba."

"Ulimvunja?"

Akakaa. Tukamwekea mwanawe kifuani, tukamfunika kanga ya mke wake. Kiganja chake kimoja kilifunika mgongo wote wa mtoto na bado kikabaki. Nilipotoboa kisigino, mtoto alikunja uso tu, vidole vikabaki vimeshika nywele za kifua cha baba. Yule bwana ndiye aliyelia. Hakujificha, akalia tu, na wanawake waliokuwa wakimcheka wakanyamaza. Jioni ile alitusaidia kushika watoto wengine wawili ambao si wake. Mikono haikuwa michache tena, ingawa wake wa watu walilalamika kwa muda mrefu kuona wanaume chumbani mwao.

Lakini nisimfanye aonekane mtu wa msimamo mmoja asiyejua kupima. Mtoto akikatika pumzi, Sista hakusema "bado" hata mara moja. Alimpora mama mikononi, akamlaza mezani, akafanya yale yote ya kuumiza kwa haraka iliyonishinda hata mimi. "Anayekata pumzi hangojwi," alisema. "Wengine wote wana dakika, tunawanyima tu." Tofauti kati ya wawili hao aliijua kwa kutazama, na alitukaripia tukikosea upande wowote.

Siku moja tulimpoteza mtoto asubuhi, baada ya kuhangaika naye siku nyingi. Daktari kijana wa mafunzo alianza kumtoa mirija na plasta ili mama akabidhiwe mwanawe. Sista akamshika mkono. Akaleta kitambaa chenye maji ya vuguvugu, akakipima shavuni, akakiweka juu ya plasta ili ilainike kwanza, kama alivyofanya kila siku.

"Sista," yule kijana akanong'ona, "si ameshafariki?"

"Yeye ndiyo. Mama yake hajafa."

Mama alikuwa amekaa pale pale, anatazama. Plasta moja baada ya nyingine ilitoka bila kuvuta ngozi. Nilitoka nje nikasimama kwenye mashine ya kuchomea taka nikijifanya nina kazi huko.

Sasa nije kwenye wimbo, maana bila wimbo habari hii haina mwisho.

Huku kwetu mtoto akiumizwa kwa jambo la lazima, watu huimba. Jandoni ngoma hupigwa kwa nguvu ili mama aliye mbali asisikie sauti ya mwanawe. Akina bibi nao wakimtoboa msichana masikio, mmoja anashika sindano na wengine wanapiga makofi na kuimba, wimbo wenye furaha, wa haraka, kilio kinazama humo ndani. Nimekua nikiusikia. Dada zangu wote walitobolewa kwa wimbo huo na sikumbuki kumsikia hata mmoja akilia.

Bibi mmoja, naye wa Matambarale, alikuwa amemshikia binti yake mtoto siku ya kubadilisha kanula. Mikono ilikuwa safi, imenuswa na kukubaliwa. Nilipoinama, bibi akaanza kuimba na kupiga goti lake kwa kiganja. Wanawake wengine vitandani wakaitikia, maana wote wanaujua. Chumba kizima kikachangamka. Mtoto akatawanya vidole, akatetemeka kwa zile kelele.

"Nyamazeni," Sista akasema, na wimbo ukakatika. Akamwendea bibi. Nilidhani atamfukuza. Akachuchumaa mbele yake. "Bibi, huu wimbo unamfunika nani?"

"Unamfunika mtoto, asisikie uchungu."

"Mtoto anausikia. Asiyesikia ni wewe."

Bibi aliondoa kiganja gotini. Lilikuwa neno zito kumwambia mtu mzima mbele ya watu, na mimi nilimwonea huruma yule mama mzee. Alikuja na dawa pekee aliyopewa na mama yake, na akaambiwa ni dawa ya masikio yake mwenyewe. Nilimwambia Sista baadaye kwamba alikuwa mkali mno. "Kweli haina upole," akanijibu, akaenda zake kukunja nepi. Sikukubaliana naye, na kwa jambo hilo hatukupatana mpaka alipostaafu.

Alipostaafu tulimfanyia sherehe ndogo ya soda na keki. Akatakiwa kuhutubia. Akasimama, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Mkatazame vidole," akakaa. Alihamia Mandawa, kwenye shamba la ufuta na mikorosho michache, kijiji kimoja na wazazi wangu. Nilipokwenda likizo nilimpitia. Tulizungumza mpira na bei, hakuniuliza habari za wodi hata mara moja. Lakini asubuhi nyingine nilikuta ujumbe wa sauti kwenye simu, bila salamu: "Bwana Mbio, hivi ile hita ya dirishani wametengeneza?" Kisha kimya cha miezi. Mimi ndiye niliyekalia kiti chake. Mlangoni mikono nanusa mimi, na "bado" nasema mimi, ingawa sauti yangu haina uzito ule.

Msimu wa korosho uliopita, binti kitinda mimba wa Sista, mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini, alifanyiwa upasuaji akajifungua kabla ya wakati. Mtoto wa kike, mdogo sana, lakini anapumua mwenyewe. Asubuhi ya siku ya pili nilikuwa mlangoni, nikamwona Sista anakuja kutoka kituo cha magari, ushungi wake umejaa vumbi jekundu la barabara ya Ruangwa. Alikuwa amekonda. Nikamwamkia, "Shikamoo, Sista."

Hakuitikia. Alininyooshea mikono yote miwili, viganja juu.

Nilielewa. Nikainama, nikanusa kimoja, nikanusa cha pili. Korosho.

"Nenda kanawe tena," nikamwambia.

Alikwenda bombani. Akarudi, nikanusa, nikamrudisha. Mara ya tatu nilimruhusu, na nadhani kidogo alitabasamu, lakini sina hakika.

Mkono wa mtoto wenye kanula ulikuwa umevimba, kanula haipitishi tena, na dawa ya saa ile ilikuwa inasubiri kwenye bomba la sindano. Mama yake alikuwa bado wodi ya upasuaji. Alikuwa amekamua maziwa kidogo kwenye kikombe. Daktari wa zamu, msichana aliyetoka Dar mwezi ule ule, alikishika kikombe. "Nani anamshika?" akauliza.

"Mimi," Sista akasema.

Akaweka kiganja kimoja kichwani. Kwa kingine akaikusanya miguu, akayakunja magoti. Ni mikono ile ile iliyonifundisha. Daktari akadondosha maziwa kwenye ulimi. Nikapangusa, nikainama, nikangoja neno.

Nikasikia mlio mdogo. Nilidhani ni hita. Nikainua macho: midomo ya Sista ilikuwa imefungwa, na ndani ya midomo hiyo alikuwa anaimba. Ulikuwa wimbo wa masikio, ule wa makofi, lakini polepole, bila maneno, kama mtu anayeukumbuka kwa mbali. Hakujua kwamba anaimba. Nilimtazama na nilijua hajui.

Lile swali lake lilinijia mpaka kwenye ulimi, unamfunika nani. Nikalimeza.

Mtoto alikuwa ametulia. Vidole vimekunjwa, vyote.

"Bado," Sista akasema, wimbo ukakatika. Kisha ukaanza tena.

Nikangoja. Daktari akatazama saa ya ukutani, akanitazama mimi. Hakuwa na makosa. Mtoto huyu angeweza kungoja kidogo, asingeweza kungoja sana, na kati yetu watatu aliyelijua hilo zaidi ni yule aliyekuwa akisema bado.

"Bado."

"Sista," nikasema taratibu, "vidole vimefunga."

"Naviona." Hakuinua macho. Kidevu chake kilikuwa kinacheza. "Yeye yuko tayari, Bwana Mbio. Mimi ndiye bado."

Nilimpenda sana mwanamke yule wakati ule, kuliko miaka yote aliyonifokea. Nikaishusha sindano kwenye trei.

"Daktari, mshike."

"Mtoto?"

"Bibi yake."

Yule msichana alikuwa hajamjua Sista hata saa nzima. Alikiweka kikombe mezani, akazunguka nyuma yake, akaweka kiganja kimoja katikati ya mgongo na kingine kwenye bega. Wimbo ukafifia, ukaisha wenyewe. Nikaichukua tena sindano, nikainama mahali pangu, na safari hii sikutazama vidole vya mtoto. Nilitazama vile vyenye makovu, vilivyokuwa vimekaza kwenye miguu ile midogo, mpaka vikaanza kulegea.

"Haya," akasema.